Tuzo ya Mama Taya

Hospitalini walimwita Mama Taya, na alilizoea jina hilo mpaka akawa anaitika kabla hujalimaliza. Alikuwa shangazi yangu, dada yake baba wa kumfuata, na kazi yake ilikuwa kuwatambua wafu kwa meno yao. Maiti akiletwa ameungua, au amekaa majini mpaka sura imepotea, polisi walimtafuta yeye. Angeshuka mochwari na mkoba wake wenye kioo kidogo, tochi, brashi na unga wa plasta, akatoa umbo la taya, akapiga eksirei, kisha akaanza kumtafuta yeyote aliyewahi kuyaona meno yale yakiwa hai: daktari wa meno, mama mzazi, mpiga picha wa harusi.

Hakuwa daktari. Aliajiriwa kutengeneza meno bandia, na siku moja, baada ya ajali ya barabarani, daktari wa mochwari alimwita amsaidie kusoma kinywa cha mtu asiyejulikana. Alikisoma. Akaitwa tena, na tena, hadi ikapita miaka kumi na tisa.

Nyumbani kazi ile haikumwachia. Ukikaa naye mezani hukosi kuambiwa gego lako la kushoto linaanza kutoboka. Mchumba wangu wa kwanza nilipompeleka kumsalimia, alimtazama akicheka, kisha akanivuta jikoni. "Huyu anasaga meno akilala," akasema. "Ana jambo linamsumbua." Kweli alikuwa nalo. Alikuwa na mke.

Mimi nilikuwa na kazi katika duka la kuchapa na kutoa kopi, mkabala na geti la hospitali. Ndiyo maana habari ya tuzo ilipita mikononi mwangu tangu mwanzo.

Ilianza kwa daktari mmoja kijana, aliyekuwa ametoka masomoni, kuja dukani na tangazo la kurasa mbili. Kulikuwa na kongamano la kimataifa la sayansi ya uchunguzi wa jinai, nchi ya mbali, na waandaaji walitoa tuzo kwa mafundi na wasaidizi wa maabara ambao hawajawahi kuhudhuria. Mshindi angelipiwa kila kitu: ndege, malazi, ada. Alichotakiwa ni kuandika muhtasari wa kazi yake mwenyewe, na akichaguliwa, aende na bango lenye picha na maelezo, asimame kando yake na kuwaeleza watu.

"Mwambie shangazi yako aandike juu ya ule moto," daktari kijana aliniambia. "Hakuna mtu katika hospitali hii aliyefanya kazi kama ile."

Moto ule ulikuwa umetokea miaka sita nyuma. Ulikuwa wa karakana ya kushona sare za shule, ghorofa ya pili, mlango wa nyuma umefungwa kwa kufuli ili vitambaa visiibwe. Walikufa watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyetambulika kwa sura. Shangazi alikaa mochwari siku tisa. Siku ya kumi kila familia ilipewa mtu wake. Hakuna aliyezikwa kama asiyejulikana, na kwa hilo watu walimheshimu kuliko cheo chake.

Nilipompelekea tangazo, alilisoma amelishika mbali na macho. "Mimi na ndege tunaonana kwa mbali," akasema. "Na Kiingereza changu ni cha kwenye chupa za dawa."

"Wewe nieleze kwa Kiswahili, Shangazi. Mengine niachie."

Tuliandika kwa majuma mawili, dukani, wateja wakiisha. Alieleza, mimi nikapiga chapa, daktari kijana akasahihisha. Mstari wa mwisho wa muhtasari aliutunga mwenyewe: kati ya maiti kumi na mmoja, wote kumi na mmoja walitambuliwa kwa usahihi na kurudishwa kwa jamaa zao. Alitaka niusome mara mbili. Nikausoma.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Amepata tuzo. Mganga mkuu wa hospitali alilitangaza kwenye kikao cha asubuhi, wakapiga makofi, na wauguzi wakamchangia sanduku la nguo lenye magurudumu. Shangazi alinunua koti zito la mtumba, akalivaa ndani ya nyumba joto likiwa kali, akitembea huku na huku akijizoeza. Sijawahi kumwona vile. Alikuwa na miaka hamsini na nne na alitembea kama msichana aliyechaguliwa kwenda bweni.

Zilibaki wiki tano. Tukaanza kutengeneza bango.

Alileta faili zote za moto ule ndani ya boksi la karatasi. Kwa kila maiti kulikuwa na seti mbili za picha. Ya kwanza ni ya picha za uchunguzi, alizopiga yeye. Ya pili ni picha moja tu, iliyopigwa na mhudumu wa mochwari siku ya kukabidhi, mfuko ukifunguliwa upande wa kichwa kabla haujaingia kwenye jeneza. Picha hizo za pili hazikuwahi kutazamwa na mtu. Zilipigwa kwa sababu kanuni ilisema zipigwe.

Tuliamua kuonyesha maiti wawili kama mfano. Wa kwanza alikuwa namba sita, binti wa miaka ishirini na miwili, ambaye Shangazi alimtambua kwa mwanya wa meno ya juu. Mama yake alileta picha ya binti huyo akicheka, na mwanya ule ulikuwa mpana, hauna mfano. Wa pili alikuwa namba tisa, mke wa fundi seremala, aliyetambuliwa kwa gego lililozibwa kwa madini.

Nilikuwa naziingiza picha kwenye kompyuta, nazikuza moja moja. Shangazi alikuwa nyuma yangu anakata kucha.

"Shangazi," nikasema, "kumbe na huyu mke wa seremala alikuwa na mwanya?"

"Hapana. Meno yake yalibanana."

"Mbona hapa ana mwanya?"

Aliinuka akaja. Ilikuwa picha ya kukabidhi, mfuko aliopewa seremala. Midomo ilikuwa imeteketea na meno ya juu yalionekana wazi. Katikati palikuwa na mwanya mpana, hauna mfano.

Aliniondoa kitini, akakaa yeye, akatafuta picha ya mfuko aliopewa mama wa binti. Meno yalibanana. Akarudi kwenye picha ya kwanza na kuikuza mpaka ikawa vidoa vitupu. Kwenye ukingo wa picha kilionekana kikadi cha namba, kimening'inia kwa uzi. Vikadi vile vilikuwa vya mraba, na tundu pembeni, vinageuka vyovyote. Kwa kawaida sita na tisa hupigiwa mstari chini zisichanganywe. Siku ile ya moto aliviandika kumi na kimoja kwa haraka, polisi wamemsimamia, na mstari hakuupiga. Siku ya kukabidhi, yeye mwenyewe ndiye aliyevisoma kwa sauti, na sahihi iliyokuwa kwenye fomu zote mbili ilikuwa yake.

"Funga duka," akaniambia.

Tulikaa humo na mlango umefungwa, saa nane mchana, watu wakigonga wanataka kopi.

Kesho yake alikwenda kwa mganga mkuu na picha zote. Nilimsindikiza mpaka benchi la nje, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi nilisikia.

"Nani mwingine ameziona hizi?" mganga mkuu aliuliza.

"Mimi na mtoto wa kaka yangu."

"Basi zirudishe boksini. Mama, hao watu wamelala miaka sita. Waache walale. Weka mifano mingine kwenye bango, nenda ukapokee tuzo yako, utuletee heshima."

"Nimeandika kumi na mmoja, Daktari. Ni tisa."

"Ukiliamsha hili, halitakuwa lako peke yako. Watauliza na wengine wote tuliowakabidhi tangu mwaka huo. Umefikiria hilo?"

"Nimelifikiria tangu jana."

"Basi endelea kulifikiria."

Alitoka pale amekumbatia boksi kama mtoto mgonjwa. Baba alipopata habari alimwambia vilevile, kwa upole zaidi: "Dada, umebakiza miaka sita ustaafu. Hawa watu wameshalia, wakamaliza. Unakwenda kuwaliza upya kwa faida ya nani?" Shangazi akamjibu kwamba hajui, ila hawezi kulala. Jumamosi tulikwenda kwa seremala.

Karakana yake ilikuwa uani kwake, chini ya mabati. Alikuwa anapiga randa mbao ya mlango. Alimkumbuka Shangazi mara moja, akapangusa stuli kwa kiganja, akatuita ndani kwa heshima. Shangazi hakukaa. Alimweleza amesimama, kwa maneno machache aliyokuwa ameyapanga njiani, asijitetee hata kwa moja. Alimwambia: uliyemzika si mkeo, kosa ni langu, mkeo alizikwa na familia nyingine, najua ni wapi.

Seremala aliiweka randa chini. Akachukua penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Jeneza nililitengeneza mimi," akasema. "Nilimjua mke wangu urefu wake, sikuhitaji futi. Tulipomlaza, miguuni pakabaki nafasi." Akatuonyesha kwa viganja, kama shibiri mbili. "Nikasema moyoni, moto hupunguza watu. Nikaijaza nafasi ile kwa kanga zake."

Aliinama akapangusa vumbi la mbao juu ya randa.

"Wanangu wawili wanakwenda pale kila wakifunga shule. Mkubwa humsomea matokeo yake. Miaka sita." Sauti yake haikupanda. "Namtaka mke wangu, Mama. Sasa tokeni, kabla sijasema ninachotaka kusema."

Njiani Shangazi alitembea mbele yangu na hakugeuka hata mara moja.

Mama wa binti alikaa chumba kimoja nyuma ya shule ya msingi. Alikuwa mzee, macho yameanza kuingia ukungu, miguu imevimba. Yule binti alikuwa mtoto wake wa pekee. Alitusikiliza ameshika mkono wa Shangazi, na alipomaliza kusikia hakuuachia.

"Mwanangu," akamwambia, "huyo mwanamke niliyenaye mimi, ana watoto?"

"Wawili, Bibi. Wa kike."

"Basi nimekaa na mama wa watoto wa watu, nampalilia, namwagilia, na wao wanamtafuta."

"Hawakuwa wanamtafuta, Bibi. Hawakujua."

"Ndivyo ninavyosema." Alikipapasa kiganja cha Shangazi. "Warudishieni mama yao. Na wangu mniletee. Ila mfanye haraka, mimi sina muda wa kusubiri serikali."

Shangazi alimwahidi. Nilimsikia akimwahidi, na nilijua, kama yeye alivyojua, kwamba ahadi ile haikuwa mikononi mwake.

Jumapili tuliiandikia kamati ya tuzo. Barua ilikuwa fupi. Alisema muhtasari wake una uongo ambao hakuujua alipouandika. Kwamba waliotambuliwa na kurudishwa kwa usahihi ni tisa, na wawili walibadilishana makaburi kwa mkono wake. Kwamba anawaachia tuzo yao. Nilitaka kulainisha maneno mawili matatu kwenye Kiingereza. Akaniuliza, "Hapo umeandika nini?" Nikamweleza. "Ondoa."

Walijibu baada ya siku nne. Nilichapa jibu lile nikakimbia nalo kuvuka barabara, nikamkuta anaosha vioo vyake. Kamati ilisema tuzo bado ni yake. Walisema makosa ya namna hii hutokea kila mahali na watu huyafukia, na kwamba wangependa aje azungumze kwa dakika kumi na tano mbele ya kikao, si kwenye bango tu, juu ya kosa lenyewe na namna lilivyogunduliwa. Waliomba kitu kimoja: barua ya mwajiri ya kumruhusu kusafiri na kuitumia kazi hiyo.

Shangazi aliisoma mpaka mwisho, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Wananitaka hivihivi?" akauliza.

"Hivihivi, Shangazi."

Kwa siku mbili alikuwa na matumaini. Nasema siku mbili kwa sababu nilizihesabu. Siku ya tatu mganga mkuu alimrudishia ombi lake bila sahihi. Alimwambia amewaendea wafiwa bila idhini, na sasa anataka kupewa baraka za kwenda kuianika hospitali nje, ugenini, mbele ya maikrofoni. Daktari kijana alikwenda kumwombea, akaambiwa atazame kazi yake. Tarehe ya mwisho ya kupeleka barua ikapita. Kamati iliandika kwamba inasikitika, na fungu lile la safari likapewa mtu mwingine, fundi wa alama za vidole wa nchi ambayo hatukuwahi kuisikia.

Daktari kijana alihudhuria kwa ufadhili wake mwenyewe. Aliporudi alikuja kutueleza. Kwenye ratiba iliyokwisha kuchapwa, jina la Shangazi lilikuwepo, na saa yake ilipofika mwenyekiti alisema mzungumzaji hakuweza kufika, akawapa watu mapumziko ya chai mapema. Shangazi alimsikiliza, akamshukuru, akamuuliza kama kulikuwa na baridi.

Kikao cha nidhamu kilifuata. Hawakumfukuza, kwa sababu wangelazimika kuandika sababu. Walimwondoa mochwari, wakamrudisha kliniki ya meno, chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kutengeneza meno bandia kama alivyoanza. Nilipomtembelea alikuwa anasugua ufizi wa plastiki kwa msasa. "Kazi nzuri hii," akaniambia. "Ukikosea, mwenyewe anarudi kulalamika." Alicheka peke yake, na kicheko hakikufika mbali.

Kibali cha kufukua makaburi kilitakiwa kitoke mahakamani. Seremala alifungua ombi, na hospitali ikatakiwa kupeleka faili. Faili moja ikapelekwa, ya pili ikasemekana imepotea. Shangazi akapeleka nakala, nilizotoa mimi dukani. Hakimu akahamishwa. Kila mwisho wa wiki Shangazi alikwenda kwa yule bibi kumpa habari, na habari yenyewe ilikuwa ile ile. Alimbebea maji, akamkata kucha za miguu, akatafuta la kusema.

"Wamesema lini?" bibi angeuliza.

"Wamesema mwezi ujao."

Mwezi wa tano wa kusubiri, bibi alifariki. Majirani walimzika mahali alipokuwa ameomba tangu zamani, ubavuni mwa kaburi la mwanawe. Lakini aliyekuwa kaburini mle bado alikuwa mke wa seremala. Shangazi alisimama pale akitazama udongo unavyoshushwa, akijua, na wengine wote hawajui. Mtu mmoja alimwambia, "Angalau sasa wako pamoja." Akaitikia kwa kichwa.

Kibali kilitoka wiki saba baadaye.

Walifukua asubuhi ya siku ya kazi, turubai limezungushwa pande nne. Mahakama ilimwita Shangazi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kusoma meno yale. Alivaa glavu, akapiga magoti penye kila kaburi kwa zamu, na safari hii hakuna kilichosomwa na mtu mmoja: alisoma yeye, akasoma daktari kijana, akasoma karani wa mahakama, ndipo kikaandikwa. Mimi nilikuwa na kazi ya kushika mwavuli.

Seremala alikuwa nje ya turubai na jeneza jipya alilolitengeneza. Hakuwa amezungumza na Shangazi tangu siku ile ya uani. Ilipomalizika alimfuata.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Una uhakika?"

Shangazi alimtazama. "Usiniamini mimi," akasema. "Ingia uangalie mwenyewe. Gego la chini, upande wa kulia."

Aliingia akakaa muda mrefu. Alipotoka alishika ukingo wa turubai kama mtu anayetafuta mlango, kisha akawaita vijana wa karakana yake wabebe. Hakumshukuru Shangazi, wala hakumlaumu. Aliwafuata wabebaji, na hatujamwona tena.

Binti tulimlaza karibu na mama yake, mimi, Shangazi, daktari kijana na wachimbaji wawili. Hakukuwa na ndugu wa kumwita. Tulipokuwa tunanawa mikono kwenye bomba la getini, Shangazi alisema, "Wiki saba tu." Nikamwambia kosa hilo si lake, ni la mahakama, ni la hospitali. Akazima bomba.

"Hilo ni lao," akasema. "Lile la kwanza ni langu."

Mwaka uliofuata kamati iliandika tena kwenye anwani ya duka langu. Walikuwa wamefungua maombi mapya na walitaka kujua kama Mama angependa kujaribu, kwani dakika kumi na tano zile wangempa tena. Nilikaa na ujumbe ule siku kadhaa, nikitafuta namna ya kumpa. Mwishowe nilimsomea tu, jioni, anapepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaokota jiwe dogo kwenye ungo akalitupa uani.

"Waandikie nashukuru," akasema. "Waambie siku hizi sifanyi kazi na wafu."

Nikaandika hivyo.